Mtondogoo Nitaleta Majibu

Nimesikia mmeweka sheria. Mwanafunzi asiyeweka picha ya uso wake na jina lake kamili haingii kwenye darasa lenu la mtandaoni, na aliyekwisha kuingia akikaidi anatolewa. Aliyeniletea habari hiyo ni mmoja wenu, alipita kunisalimia nyumbani hapa Bagamoyo. Alieleza kwa fahari, nami nikamwongezea chai. Sasa nimetulia, nawaandikia ninyi nyote wakufunzi vijana mliokalia viti vyetu. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mwamue wenyewe.

Kwa wasionijua, naitwa Nakijwa, Mpare wa milimani niliyeletwa pwani na kazi nikabaki. Nimefundisha hesabu katika elimu ya watu wazima mpaka nilipostaafu. Wanafunzi wangu walikuwa watu walioachia shule njiani: huyu alifiwa na baba, yule alipata mtoto, mwingine alifeli akaona aibu kurudi. Walikuwa wanajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, kila mtu akiwa kwao. Wengine walikuwa Lugoba, wengine Ubena, wengine huko mashambani Makurunge.

Kabla ya mitandao tulifundisha kwa bahasha. Naandika somo, natoa nakala, naifunga, nampa kondakta wa basi aishushe njiani. Mwanafunzi anafanya maswali, anairudisha kwa njia ile ile, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, naituma tena. Mpaka neno langu "hapa umekosea" limfikie, mwenyewe ameshasahau alikuwa anafanya nini. Bahasha moja ya Ubena ilipitilizwa mpaka Morogoro, ikarudi imelowa mafuta ya samaki. Nikasahihisha hivyo hivyo, ofisi nzima ikininung'unikia kwa harufu.

Wakubwa wetu walikuwa wanasema utakuja mfumo mkubwa wa kufundishia kwa kompyuta. Tukausubiri sana. Wakati tunausubiri, mitandao ya kijamii ikaingia kwenye simu za vitufe, hizi zenye kioo kidogo kama stempu, na wanafunzi wote wakahamia huko. Hawakwenda kusoma, jamani, nisiwadanganye. Walikwenda kuweka picha na kuulizana "mambo vipi". Aliyenivuta mimi ni binti wa Ubena aitwaye Zaituni. Aliachishwa shule kwa ujauzito, na sasa alikuwa anauza chai na maandazi barabarani huku mtoto yuko mgongoni. Alinipigia simu akaniambia, "Mwalimu, sisi wote tupo huku. Wewe ndiye haupo." Alikuwa ameshafungua kundi la hesabu na kuwaingiza wenzake. Alichokosa ni mwalimu tu.

Nikaingia. Loh! Kitu cha kwanza, mtandao ukanitaka niwe "rafiki" wa wanafunzi wangu. Mwenzangu mmoja ofisini alitema chai. "Mwalimu mzima unaombwa urafiki na mwanafunzi, na wewe unakubali?" Nilikubali, lakini niliona haya kwa wiki kadhaa.

Cha pili kilikuwa salamu. Mwanafunzi anaandika, "Shikamoo mwalimu," basi, anasubiri. Mimi naingia kesho yake, nakuta shikamoo zimejaa kama foleni ya dirishani, hakuna swali hata moja. Naitikia, "Marahaba, marahaba." Wao wanaingia keshokutwa, wanaona marahaba, ndipo wanauliza. Adabu yetu nzuri ilikuwa inatula siku tatu kwa kila swali. Nikatoa amri: shikamoo na swali vije pamoja. Walinitii, lakini wapo waliojiona wamekosa heshima, wakawa wanatanguliza samahani ndefu kuliko swali lenyewe.

Kulikuwa na hasara pia, msidhani nasifia tu. Mtu aliweka habari kwamba mtihani umevuja, kundi zima likaacha kusoma likaanza kuutafuta. Niliwagombeza mpaka vidole vikaniuma. Na siku nilipotangaza kwamba wengi wamefeli jaribio langu, walibonyeza kile kidole cha kupenda, wote. Nikauliza, "Mnapenda nini, kufeli?" Zaituni akanijibu kwamba kile kidole maana yake ni "nimeona, mwalimu, nimesikia." Nikajifunza.

Lakini kilichonishangaza hasa kilikuwa hiki. Kwenye bahasha jibu lilikuwa kwangu peke yangu. Kwenye kundi, nikichelewa, walijibizana wenyewe. Mtihani wa hesabu ulikuwa kwa Kiingereza, wao wakafafanuliana kwa Kiswahili cha nyumbani, mpaka swali linakuwa na sura ya kitu mtu anachokijua. Na jibu lilibaki pale, aliyejiunga baadaye akalisoma. Hiyo mijadala iliyoko kwenye mifumo yenu ya leo, maoni chini ya swali, picha ndogo ya duara pembeni ya jina, mnadhani imetoka wapi? Walioitengeneza waliona watu wameshazoea kukaa hivyo, wakaweka darasa hapo hapo.

Sasa nije kwa Chidi.

Alijiita Chidi Makurunge. Picha yake ilikuwa pikipiki nyekundu, mtu hayupo. Alikuwa mzito wa hesabu, lakini hachoki. Na uandishi wake! Mnakumbuka, au mmesimuliwa, vijana wa wakati ule walivyopenda herufi x: sasa ni "xaxa", sana ni "xana". Chidi yeye alikuwa anaiweka kila penye s, hakubakiza. "Xhikamoo mwalimu. Xwali la xaba xijalielewa." Zaituni akamrukia. "We Chidi, hiyo x unaiweka mpaka kwenye shikamoo ya mwalimu? Huna adabu!" Chidi akajibu, "Xamahani dada." Nami kila mara nilimwitikia kwa ukali kidogo, "Marahaba Chidi. Andika vizuri."

Zaituni ndiye aliyembeba. Alimrudisha kwenye kugawa sehemu, alimrudisha kwenye jedwali la kuzidisha, na alimtukana njia nzima. "Kichwa chako kifuu cha nazi, Chidi. Rudia." Na Chidi akarudia. Akishindwa kabisa, alikuwa na neno lake moja: "Mtondogoo nitaleta majibu." Zaituni akauliza, "Mtondogoo ndiyo nini? Ni jina la mtu?" Hakuna kijana aliyejua. Mimi mwenyewe, mtu wa bara, nilifungua kamusi. Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo: siku ya nne baada ya leo. Na kweli, siku ya nne ikifika, Chidi analeta majibu. Mara nyingi yamekosewa, lakini analeta.

Neno lile lilinikereketa. Kijana wa pikipiki nyekundu kalitoa wapi? Nikajiambia labda amelelewa na bibi, nikaliacha.

Ukafika wakati wa kujisajili kwa mtihani, kwa jina la kweli, ana kwa ana. Wenzake wote wakaja, Chidi hakuja. Kwenye kundi akanyamaza. Zaituni akawa anamwandikia kila siku: "Chidi, umejisajili? Chidi, usinifanyie hivyo, nimehangaika na wewe." Kimya. Halafu nikapata ujumbe wa faragha, hauna x hata moja: "Mwalimu, naomba nije ofisini kwako, tuwe wawili tu."

Siku tuliyopanga, asubuhi, nikasikia hodi. Akaingia mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, ndevu nyeupe tupu. Nikasimama. "Shikamoo mzee wangu, karibu."

Hakuitikia.

Ninyi wa pwani mnajua ulivyo mzito mzee akikataa kuitikia shikamoo yako. Nilidhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Naomba niiache kwanza. Mimi ndiye Chidi."

Nilikaa chini bila kutaka. Akili ilikwenda moja kwa moja kwenye zile marahaba zangu, mwaka mzima, na ile "andika vizuri". Mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kwa jina alikuwa Mzee Kibwana Mwinshehe, mkulima wa Makurunge. Alizungumza polepole, mikono juu ya mkongojo wake. "Kule kwangu mimi ndiye msomi, mwalimu. Mkutano ukiitwa, nasimama mimi. Shule ikiwa na jambo, naulizwa mimi. Nilisema zamani, ujana tu, kwamba nimemaliza kidato cha nne. Watu wakaamini. Kumbe niliishia cha tatu, mzee wangu alipofariki nikashika jembe. Sasa wajukuu wananiletea madaftari: babu, wewe ulimaliza, tufundishe. Nawaambia macho ya babu mabovu." Akaweka sawa kofia yake. "Sitaki kufa na uongo huu. Nataka niufanye uwe kweli."

Nikamuuliza kwa nini hakuja darasani kama wenzake. Nusura acheke. "Nije nikae mbele yako na hizi ndevu, nani angenikosoa? Ungeniambia, mzee umejitahidi. Vijana wangenipisha kiti. Hesabu nisingejua. Chidi ameitwa kifuu na yule binti, na ndipo alipojua kugawa sehemu. Fundi wa simu aliponiuliza aniandike jina gani, nikamwambia niandikie la mtu anayeruhusiwa kukosea."

"Na zile shikamoo, mzee wangu? Mimi nimezila zote."

"Zile nilimpa mwalimu. Zilikuwa halali yako."

"Basi itikia yangu. Inanielemea."

"Nitaitikia siku nitakayoshika cheti," akasema. "Kwa sasa mwanafunzi hamwitikii mwalimu wake." Na alisema hivyo kwa upole, lakini nilijua hatanyanyua mguu kutoka hapo.

Jambo lililomtisha lilikuwa chumba cha mtihani. Bagamoyo angekutana na watu wa Makurunge, na siri yake ingefika nyumbani kabla yake. Nikamshauri ajisajili Lugoba, ambako hakuna anayemjua. Akakubali. Wala hatukukumbuka, yeye wala mimi, kwamba Lugoba ndicho kituo cha Zaituni.

Siku ya mtihani nilikwenda mpaka getini kuwatia moyo, ndani hatukuruhusiwa. Zaituni akaja, mtoto kamwacha kwa mama yake, macho mekundu kwa kukesha na vitabu. Akamsalimia mzee aliyesimama pembeni yangu, "Shikamoo babu," kama anavyosalimiwa mzee yeyote, kisha akanigeukia. "Mwalimu, Chidi yuko wapi? Mtihani unaanza. Aliniandikia kwamba amejisajili Lugoba, nikamwambia tukionana nitamvuta masikio, labda ameogopa. Mwalimu, kama hakuja nitalia."

Nikamtazama Mzee Kibwana. Angeweza kunyamaza. Siri ilikuwa yake, na mimi nisingesema neno. Akaangalia chini, akaangalia wale vijana wanaoingia, halafu akamwambia yule binti, "Chidi amekuja. Ila la kwanza likimshinda, mtondogoo ataleta majibu."

Zaituni aliganda. Niliona lile neno linavyomwingia. Akashika mdomo kwa mikono miwili. "Babu! Mimi nilikuita kifuu!"

"Kifuu ndicho kimefika hapa," mzee akasema. "Twende ndani, dada, tutachelewa." Akamwita dada vile vile kama kwenye kundi. Wakaingia pamoja, binti akiwa nyuma, analia wazi wazi.

Matokeo yalipotoka, Zaituni alifaulu. Mzee Kibwana alifaulu Kiswahili, historia na masomo mengine, hesabu ikamwangusha. Niliumia, wanangu. Nilimpigia simu nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji, hakuyapokea. Akaniuliza tu, "Mlango wa kundi bado uko wazi?"

Jioni ile ile akaandika, tena kwa jina lake lote. "Mimi ni Kibwana Mwinshehe wa Makurunge. Nyinyi mnanijua kwa Chidi. Sikumaliza kidato cha nne, nilisema uongo. Hesabu nimefeli. Nataka kurudia, nani atanisaidia?" Chini yake zikaanza kumiminika shikamoo. Shikamoo babu, shikamoo babu, kutoka kila upande, nyingine za vijana wa kijijini kwake waliokuwa wanasoma kimya kimya humo ndani bila yeye kujua. Aliitikia moja moja mpaka zikaisha. Nami nikaweka yangu. Akanijibu, "Ya mwalimu bado."

Sitawaambia kwamba kijiji kilimpigia makofi. Wapo waliomcheka, wakamwita msomi wa uongo mbele ya wajukuu zake. Alivumilia. Halafu siku moja niliona ile pikipiki nyekundu imeondoka, mahali pake pamekaa uso wa mzee mwenye kofia ya viua, amekunja ndita kwa sababu ya jua. Hakuna aliyemlazimisha kuweka picha ile, aliiweka mwenyewe alipokuwa tayari.

Alirudia hesabu kwa bidii ya kutisha. Swali lililomsumbua ni la ngazi: ngazi ya mita tano imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita tatu kutoka ukutani, je, inafika juu kiasi gani? Alibishana nalo. Akasema ngazi ikikaa mbali hivyo itateleza, mwenye akili haipandi. Zaituni akamwambia, "Babu, hatuipandi, tunaipima tu." Akasema haya. Kisha akaandika: "Swali la ngazi nimekwama. Mtondogoo nitaleta majibu."

Huo ndio ujumbe wake wa mwisho.

Ilikuwa homa tu, walisema, na moyo uliochoka. Mtondogoo ilipofika tulikuwa tumeshamzika. Nilikwenda Makurunge nikakaa jamvini na kina mama, mimi Mkristo wa bara na kanga yangu kichwani, wakanipisha kama ndugu. Binti yake mkubwa, Mwanahamisi, akaja kukaa karibu yangu. "Wewe ndiye mwalimu?" Nikasema ndimi. Akaniambia, "Siku za mwisho alitukataza kumwita msomi. Mtu akimwita hivyo anamkatiza, anasema, mimi mwanafunzi. Mpaka wajukuu wakazoea: mwanafunzi, chai tayari." Hapo nililia, sikuona haya ya mtu. Uongo wake aliutua mwenyewe kabla hajaenda, hata kama cheti hakukipata.

Zaituni hakuwahi maziko. Lakini siku ile ile aliandika chini ya swali la ngazi, hatua kwa hatua, kama alivyozoea kumwandikia, mpaka jibu. Na mwisho akaweka: "Inafika mita nne, babu. Mguu wake nimekushikia."

Kundi lile lipo mpaka leo. Sijalifunga, siwezi. Mara moja moja anaingia mtu mgeni asiyejua lolote, anakuta swali la ngazi, anamjibu Kibwana kwa njia yake, anamchorea hata picha. Wengine wanamuuliza, "Ulishaelewa au bado?"

Sasa rudini kwenye sheria yenu. Najua kwa nini mmeiweka: wapo matapeli, wapo wanaofanyiana mitihani, wapo wanaotukana wakiwa wamejificha. Kwenye mtihani takeni jina, takeni uso, hata mimi nilitaka. Lakini darasani acheni mahali pa mtu ambaye hajawa tayari kuonekana. Hamjui ni nani amekaa nyuma ya pikipiki nyekundu, wala mnapoitikia marahaba hamjui mnamwitikia nani. Mkimtoa leo kwa sababu hana picha, hatawaeleza aliyokuja nayo. Ataondoka nayo.

Jana, baada ya yule kijana wenu kuniaga, nilifungua kundi nikashuka mpaka kwenye lile swali. Nikaandika chini kabisa, baada ya majibu yote ya wageni: "Shikamoo, Mzee Kibwana."

Nilikaa na simu mkononi, nikiingoja marahaba yake.